Shikamoo za Darasa la Jioni

Enzi zile za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, maduka ya Singida mjini yalijaa vitu kwa kasi ambayo nadhani ilimshangaza hata shetani. Juzi tulikuwa tunapanga foleni ya mche mmoja wa sabuni. Leo kuna sabuni za aina arobaini, moja inanukia ndizi. Ikaja mitumba, vikaja vibanda vya video, zikaja redio kaseti kubwa kama jeneza. Wazee wakatangaza kwamba maadili yamekwisha. Walitangaza kila siku baada ya alasiri, wakiwa wamekalia viti vipya vya plastiki vilivyoletwa na mageuzi hayo hayo.

Babu yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kudumu wa tangazo hilo. Alikuwa na duka la nguo, na alikuwa mtu wa pwani, kwa maelezo yake mwenyewe. Huko pwani aliondoka akiwa mgongoni mwa mama yake, lakini alikumbuka kila kitu, hata majina ya samaki. Bibi alikuwa Mnyaturu wa Mtinko na hakudai kutoka popote pengine.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mhitimu wa darasa la saba ambaye majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, niliyasoma mara tisa nikidhani karatasi ina upande wa pili. Nikasikia kuna masomo ya jioni katika shule moja ya msingi nyuma ya yale mawe makubwa ya mjini: kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa miaka miwili. Nikampelekea babu habari.

"Yanaisha saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, babu."

"Na magharibi inaingia kabla au baada ya hapo?"

"Kabla."

"Basi umejijibu."

"Lakini babu, jana ulisema vijana wa siku hizi hawapendi elimu."

"Nilisema vijana. Sikukutaja wewe."

Bibi alikuwa anapepeta choroko. Hakuinua kichwa. "Nitampeleka mimi, na nitamrudisha mimi."

Babu alifikiri kwa muda unaotosha kuvuna uwele, kisha akatoa hukumu: mwezi mmoja. Bibi atakaa humo darasani akague maadili. Akiona jambo moja tu lisilofaa, siku hiyo hiyo narudi dukani kukunja vitenge, na habari za kidato zisisikike tena.

Hivyo ndivyo nilivyoanza sekondari nikiwa na mkaguzi wangu binafsi, jambo ambalo hata watoto wa mawaziri hawakuwa nalo.

Darasa lilikuwa la watoto wa darasa la tatu, na madawati yalikuwa yao. Watu wazima tulikaa magoti yakigusa kidevu. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo upepo wa Singida ulihudhuria vipindi vingi kuliko mwanafunzi yeyote. Bibi alikaa nyuma kabisa na kikapu chake cha karanga. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mwenye tai na suruali ya mtumba ambayo mwenyewe wa kwanza bila shaka alikuwa na miguu mirefu sana. Alipoingia, tukasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Sauti ya karanga ikakoma.

"Mwalimu, naomba kuuliza," bibi akasema. "Huyo baba wa mbele ana mvi. Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano, bibi."

"Na amekuamkia."

"Darasani hakuna mkubwa wala mdogo, bibi. Kuna mwalimu na mwanafunzi. Ndiyo demokrasia."

Siku zile demokrasia ilieleza kila kitu, hata kukatika kwa umeme.

"Na wewe ukaitikia marahaba," bibi akasema. "Mdomo mzima."

Baba wa mvi akageuka. Alikuwa karani wa shirika moja la umma, mtu wa heshima, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Mama, niache nisome. Ofisini tumeletewa barua. Asiye na cheti cha kidato cha nne atapumzishwa. Nimepokea shikamoo za vijana miaka thelathini, na hakuna hata moja iliyonipandisha cheo. Hii moja ninayoitoa jioni hainiumizi."

"Inaniumiza mimi."

"Basi wewe ndiye wa kurudi nyumbani."

Bibi akabeba kikapu. Mimi, elimu yangu ikiwa na umri wa dakika nne, nikamfuata.

Njiani nilimwambia, "Bibi, heshima itamsaidia nini akifukuzwa kazi?"

"Na kazi itamsaidia nini huku anawaamkia watoto?"

"Atakula."

"Hata mbuzi anakula."

"Mbuzi haletewi barua ya kupumzishwa."

Akasema jambo kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akitaka nisijibu. Tukapita mawe mawili makubwa.

"Sasa babu yako nimwambie nini?"

"Usimwambie."

"Yaani nifiche. Hayo ndiyo wanayokufundisha."

"Bado, bibi. Leo ilikuwa jiografia."

Alicheka puani, kwa bahati mbaya, na akanikasirikia kwa kumchekesha. Babu alipouliza mbona tumewahi, alijibu kwamba upepo ulikuwa mkali, jambo ambalo Singida haliwezi kuwa uongo. Usiku ule sikujua kama kesho nina darasa au nina vitenge.

Kesho yake saa kumi bibi akajifunga khanga, akachukua kikapu. Nikachukua daftari.

Tulipofika, mwalimu na karani walikuwa wanakutana mlangoni. Inaelekea kila mmoja alikuwa amekesha na dhamiri yake, kwa sababu walifungua mdomo pamoja.

"Shikamoo mzee."

"Shikamoo mwalimu."

Mwalimu hakuthubutu kuitikia, maana bibi alikuwa nyuma yake. Karani hakuthubutu kuitikia, maana cheti kilikuwa mbele yake. Shikamoo mbili zikaning'inia pale mlangoni, na wanafunzi kumi na saba nyuma yao tukashindwa kuingia. Naamini tungekuwa pale mpaka leo.

"Marahaba," bibi akasema. "Marahaba nyote wawili. Pisheni, watoto wasome."

Ikawa ndiyo kawaida. Kila jioni darasa zima, pamoja na mwalimu, tuligeukia dawati la nyuma tukamwamkia bibi. Yeye akaitikia kwa niaba ya mvi zote, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumwamkia mwenzake. Karani aliongoza katika hesabu. Shirika lake lilipumzishwa lenyewe kabla cheti chake hakijafika, lakini hilo halikuwa kosa la hesabu.

Mwezi ulipotimia, babu alimwita bibi mbele yangu. Mikono yangu ilikuwa inakunja kitenge kimoja kwa mara ya sita.

"Haya. Umeona nini huko?"

"Nimeona mambo."

Babu akanitazama kwa ushindi. "Nilijua. Mambo gani?"

"Siwezi kusema kwa mwezi mmoja. Sijaridhika. Itabidi niendelee kukagua."

"Kagua," babu akasema, amefurahi kuwa alikuwa sahihi. "Lakini uwe mkali."

"Nitakuwa mkali."

Hakuridhika mwezi uliofuata wala ule mwingine. Alikaa miaka miwili bila kuridhika, mpaka nilipofanya mtihani.