Bibi Aliyeyakalia Mabati

Nakumbuka siku bibi yangu mzaa baba alipoyakalia mabati mapya ya mwanawe akakataa kuinuka. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu mmenichosha. Nimeletewa ratiba yenu ya mkutano wa ukoo wa mwaka huu: ukumbi Sumbawanga mjini, fulana za rangi moja, keki, msema chochote wa kukodi, na chakula cha kupikiwa na watu baki. Nimeisoma nikitafuta palipoandikwa sisi wenyewe tutafanya nini. Sijapaona. Tutakaa, tutapigwa picha, tutaondoka. Na wewe na mdogo wako Edga, ambao hamsemeshani tangu Pasaka, mtapewa meza mbili za mbali, na kila mtu atajifanya haoni. Mimi shangazi yenu naona.

Sasa tulia unisikilize. Zamani hatukuuita mkutano. Tulisema tunakwenda kuezeka kwa Bibi. Ilikuwa kila kiangazi, mahindi na ulezi vikishaingia ndani na mvua bado iko mbali. Watoto wake wote, wajukuu, wakwe, hata walioolewa kule bondeni Milepa, walipanda milima kuja. Wanawake tulikata nyasi tukazifunga miganda. Wanaume waliziondoa zilizooza juu ya nyumba wakaweka mpya. Na kuezeka, mwanangu, hakufanywi na mtu mmoja. Aliye juu anapanga na kufunga, aliye chini anamrushia miganda. Bibi ndiye aliyesema nani arushe na nani adake. Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba hakuangalia umri wala nguvu. Aliangalia nani na nani wamenuniana. Hao ndio aliowaweka pamoja, mmoja juu, mwingine chini, basi. Huwezi kumrushia mtu mganda huku umempa mgongo.

Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi, na baba yangu mdogo Kasiano akawa mmoja wao. Alinunua Kaoze na Milepa, akauza mjini, mwisho akapata lori. Alikuwa na moyo mzuri, sikatai. Ila alikuwa na haraka ya kututendea wema, na haraka hiyo ndiyo iliyotuponza. Mwaka mmoja alishusha mabati kwa Bibi, akaja na mafundi, nyumba ikaezekwa kabla sisi wengine hatujafika. Tulipotokea na miundu yetu akatucheka. Akasema mwaka huu ni kula na kunywa, hakuna kuchafuka.

Na kweli tulikula. Tulikaa kwenye viti vya kuazima parokiani, tukatazamana. Baba yangu na Kasiano walikuwa wamegombania mpaka wa shamba la mtoni. Mwaka mwingine wowote Bibi angewapanga kwenye nyasi na mambo yangekwisha. Safari hii mmoja alikaa mlangoni, mwingine akakaa kule karibu na zizi, wakaondoka vilevile walivyokuja. Mwaka uliofuata baba hakwenda, alisema ana kazi. Uliofuata tena Kasiano naye akasema ana safari. Na wakubwa wasipokwenda, nani mwingine atajisumbua? Bibi alipika pombe ya ulezi ikaharibika kwa kukosa wanywaji. Hilo linaniudhi hadi leo. Mwanamke aliyezaa watoto wote wale, anakunywa pombe ya mavuno na jirani.

Bibi hakulia, wala hakumtuma padri. Alichukua mpini wa jembe akaliezua jiko lake, lile dogo la nje lililobaki na nyasi, mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu. Nilikwenda kumsalimia nikamkuta anapika kwenye kuta tupu, upepo wa baridi unaupeperusha moto huku na huku. Aliitikia shikamoo yangu bila kugeuka. Akaniambia niende nikawaambie wanawe wote wawili kwamba jiko lake halina paa. Nikauliza ni nani kaliezua. Akasema hilo hakunituma kulisema.

Walikuja, na watu wengine nyuma yao, maana habari ya mama kupikia nje ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Baba alikuja kwa baiskeli. Kasiano alikuja na lori, na ndani ya lori unadhani alipakia nini? Mabati. Hata sasa nikikumbuka natamani kumfinya. Yaliposhushwa tu, Bibi akaenda akayakalia. Akaikunja khanga yake magotini, akatulia kama yuko kanisani. Kasiano akambembeleza sana. Akamweleza kwamba nyasi zinaoza, zinaleta panya, na kwamba bati likishapigwa hakuna mtu atakayesumbuka tena kuja kuezeka.

"Hapo ndipo uliponiua," Bibi akasema. "Kasiano mwanangu, uliniezekea nyumba ukaniezulia watoto. Panda juu. Kaka yako atarusha."

Sisi wanawake tukachukua miundu tukaenda kukata nyasi, maana Bibi hakuonyesha dalili ya kuinuka. Miganda ilipofika, Kasiano alipanda na viatu vyake vya mjini. Baba akarusha mganda wa kwanza bila kumtazama, ukampiga usoni. Wa pili ukampita ukaangukia upande wa nyuma. Kasiano akavumilia, akavumilia, uvumilivu ukamwishia.

"Nitazame basi unaporusha," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa kaka yake tangu wagombane. Baba akamjibu kwamba yeye anatazama, ila anayedaka ndiye kasahau kazi za kwao. Wakaanzia hapo. Waligombana mchana kutwa, mmoja juu mmoja chini, shamba likatajwa, marehemu babu akatajwa, na miganda inapanda tu. Jioni walinawa kwenye beseni moja. Shamba waliligawana baadaye, kwa manung'uniko mengi, lakini waligawana. Jiko lenyewe lilivuja mvua ya kwanza tu. Bibi alifurahi mno, akasema basi mwakani mna kazi. Na mwakani tulikwenda, na kila mwaka mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitairudia. Ndugu walionuniana hawapatanishwi kwa kukalishwa kwenye viti. Tafuteni kazi ambayo mmoja wenu peke yake haiwezi, mwiteni mwenzenu ashike upande wa pili, na hasira mje nayo, itapata pa kutokea. Msikutane kama waalikwa wa arusi ya watu wengine. Fulana mkitaka vaeni, keki mkitaka leteni, ila mje kwangu, na mje na miundu.

Jiko langu nimeliezua jana. Usinitumie bati, usinitumie fundi. Wewe utapanda juu, Edga atarusha.

Mungu awape mikono isiyochoka kupokeana, wanangu, na mvua aizuie kidogo huko huko iliko mpaka mmalize.