Samawari Niliyoitia Maziwa

Ijumaa. Vumbi tangu alfajiri; hapa Muaither, pembeni mwa Doha, hakuna anayethubutu kufungua dirisha. Vijana wa kazi za hoteli huniuliza enzi zetu ilikuwaje. Shule yangu fupi, sijui kama nafaa kueleza, ila nitajaribu.

Siku yangu ya kwanza kazini Doha palikuwa na karamu ya utamaduni wa Kirusi. Nilikuwa kwenye majaribio: nikiharibu, narudi Unguja. Msimamizi wa karamu, mama wa Kirusi, alinionyesha chombo kikubwa cha shaba chenye bomba.

"Samawari," akasema. "Iandae."

Nikafurahi. Neno nalijua! Bibi yangu alikuwa nayo, chai akiipika humo humo. Nikatia maziwa, majani, sukari, iliki na tangawizi ya kutosha.

Kumbe kwa Warusi samawari ni ya maji matupu. Chai kali hukaa kwenye buli dogo, kila mtu akaizimua kwa maji hayo apendavyo.

Mgeni rasmi, profesa mzee, alihutubia kwamba muziki wao, ngoma zao na vitabu vyao ni mali ya dunia nzima, na Mrusi avipendaye anaipenda nchi yake. Akamaliza, akafungua bomba. Ikatoka chai rangi ya mchanga.

"Umeichemsha nchi yangu na maziwa!" mama akaninong'oneza.

"Samahani, mama. Samawari ya kwetu..."

"Ya kwenu? Ni ya Urusi!"

Mudiri, yaani meneja wa hoteli, akaja amenuna. Profesa akanywa, akakohoa, akaniuliza kwetu chombo hiki tunakiitaje. Nikamjibu: samawari.

Akamgeukia mama. "Nimesema dunia nzima, sikusema? Basi imefika huko, ikatiwa tangawizi."

Watu wakacheka. Kusema haki, wengi waliviacha vikombe.

"Abaki," mudiri akasema. "Lakini maji, yaa akhi, ndugu yangu! Maji tu!"

Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, yule mama alifuta machozi nyimbo za kwao zikipigwa. Nilidhani maringo, hadi hoteli moja ya Lusail, mji jirani, ilipotuletea "pilau ya Zanzibar" yenye nanasi. Nilifoka mpaka mpishi akajificha.

Mama akacheka. "Karibu kwenye uzalendo, kaka."

Sijui kama ndio huo, au ni ubishi wa chakula tu.

Leo jioni tumekula ndizi za nyama. Mkwe wangu, Mganda, akaziita matoke, chakula cha kwao. Safari hii sikufoka; nikajiongezea sahani.