Mshale Uliporudi Nyuma Njia ya Meru

Siku yangu ya kwanza kazini, gereji moja pale Themi, sikupewa hata spana. Fomeni alinipa pampu ya petroli, ndoo na chupa ya kupimia. "Pima inatoa mafuta kiasi gani kwa dakika," akasema. "Kisha ipandishie presha, upime tena." Presha ilipopanda, mafuta yakapungua. Nikadhani nimekosea. Fomeni akacheka mpaka akakohoa, kikohozi chake kile kikavu. "Hujakosea. Pampu ina mwisho wake. Ukiibana sana, inatoa kidogo."

Vijana wa siku hizi mnabonyeza kompyuta tu, mnajiita mafundi! Sisi tulikuwa na geji ya presha. Mpira wake tuliupitisha chini ya boneti, na geji yenyewe tukaibandika kwa selotepu nje ya kioo cha mbele, petroli isije ikavujia ndani. Na Fomeni alikuwa na sharti: aliyerekebisha presha ndiye anayekaa kando ya dereva wakati wa kujaribu gari.

Fomeni alifariki nikiwa nimeshahamia gereji ya Kijenge, kwa Meneja mmoja mpenda sifa. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu akaja Elibariki, dereva wa mashindano, akitaka gari lipande mlima kwa kasi. Nozeli zake, vile vidude vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, zilikuwa ndogo. "Pandisha presha tu," Meneja akaniambia. "Nozeli kubwa zitatuchelewesha." Nami, Mungu anisamehe, nikapandisha. Nikapima gari likiwa limesimama, injini ikinguruma polepole. Geji ikasoma vizuri, nikajiona fundi kwelikweli.

Kesho yake asubuhi mimi na Elibariki tukapanda barabara ya vumbi upande wa Meru, nami nimekaa kando yake. Ukungu ukashuka ghafla, migomba ikapotea. Elibariki akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na mshale wa geji ukaanza kurudi nyuma. Nne. Tatu na nusu. Tatu. Pampu ilikuwa imeshindwa. Petroli ikipungua hivyo, pistoni inatoboka na injini inanoki, magurudumu yanakwama ghafla, na mbele yetu palikuwa na kona, chini yake korongo. Nilijua yote hayo, nikanyamaza! Nilitaka mshale upande wenyewe, nisionekane mjinga.

"Achia mguu!"

Sauti ilitoka nyuma yetu, kali, ikafuatiwa na kikohozi kikavu. Elibariki akaachia. Gari likasimama hatua chache kabla ya kona. Nikageuka. Viti vya nyuma tulikuwa tumeving'oa vyote kupunguza uzito. Palikuwa na bati tupu, na harufu ya udongo mbichi. Nywele zilinisimama, jamani.

"Ahsante, fundi," Elibariki akasema, jasho likimtiririka. "Ungechelewa kidogo kupiga kelele, tungekwisha."

Nikashuka, nikaanza kubandua geji kwenye kioo.

Sasa nimestaafu, nakaa Kwa Mrombo, mgongo umegoma. Mwezi uliopita Elibariki alikuja na binti yake. "Mwamkie mzee," akamwambia. "Bila yeye kupiga kelele siku ile, usingezaliwa."

Binti akapiga goti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, babu. Ahsante sana."

Nikaitikia marahaba. Mke wangu akaleta chai, tukanywa, nikawasindikiza hadi barabarani. Mpaka leo sijamwambia Elibariki kwamba mimi sikufungua mdomo. Kwamba nilikuwa radhi tufe wote wawili kuliko kusema nimekosea.