Baba mkwe alitaka shaba kwenye injini, mimi nikamwekea zinki

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Chai ya tangawizi iko mkononi, miwani iko puani, na mimi mzee wenu nimeamua leo niandike.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja humu, anauliza apake nini kwenye intake manifold na kasha la air filter ili idumu. Majibu yakamiminika. Mmoja spray ya dukani, mwingine chrome, mwingine powder coating, mwingine akamshauri auze gari anunue pikipiki.

Nikacheka peke yangu. Swali hilo hilo, wakuu, nusura linikoseshe mke.

Nitawasimulia kama lilivyokuwa. Kuongeza chumvi siwezi, hata daktari kanikataza. Kiswahili changu ni cha Katanga, kikiyumba mahali mnivumilie.

Ilikuwa wakati ule Katanga imejitenga na Kongo. Mji bado uliitwa Élisabethville. Tulikuwa na bendera yetu, franga zetu, na misalaba ya shaba juu ya bendera ile.

Mimi jina langu Donat. Nilikuwa kijana, fundi wa injini kwenye garage ya Mgiriki mmoja. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga, alifanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda.

Na nilikuwa nimempenda Bernadette.

Jamani, nilimpenda! Alikuwa anashona nguo, na akikucheka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Yeye mwenyewe alikuwa amenikubali. Kikwazo kilikuwa baba yake.

Papa Tshimanga alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kasai, jimbo la jirani, amesoma, suti nyeupe kila Jumapili, hasira karibu. Alikuwa na gari la Kifaransa, jeusi, alilipenda kuliko sisi wote tukichanganywa.

Lakini msimcheke kwa hilo. Siku zile watu wa Kasai hapa mjini walikuwa wanaangaliwa vibaya. Majirani zake wengine walishafungasha na kwenda kambi ya wakimbizi. Yeye alibaki, ila mizigo ilikuwa imefungwa nyuma ya mlango, na gari lile ndilo lilikuwa njia yao ya kutokea. Lilipaswa kuwaka siku yoyote, saa yoyote. Bernadette aliniambia hivyo bila kucheka.

Sasa sikieni desturi ya mji wetu.

Jumapili baada ya misa, wenye magari walikuwa hawaendi nyumbani moja kwa moja. Walipanga magari yao pale nje ya kanisa na kufungua boneti. Sisi tunaita kapo. Watu wanapita, mikono nyuma, wanatazama injini moja baada ya nyingine. Wanasifu, wanachamba. Kwaya yenyewe ilikuwa inaharakisha wimbo wa mwisho ili iwahi.

Na wakati ule wa bendera yenye shaba, kila mtu alitaka shaba. Vitasa vya milango shaba. Kengele za baiskeli shaba. Mwishowe ikaingia mpaka kwenye injini.

Aliyeanza ni Papa Félicien, rafiki na mshindani mkubwa wa Papa Tshimanga. Alipeleka manifold yake mahali ikachovywa shaba. Jumapili akafungua kapo. Aka! Ilikuwa inawaka kama sufuria za harusi. Watu wakapiga makofi nje ya kanisa.

Papa Tshimanga hakula chakula cha mchana siku ile.

Jioni akaniita. Mara ya kwanza ananiita mwenyewe. Nikavaa shati safi, nikafikiri Mungu amenikumbuka.

"Donat, umeona mutuka ya Félicien?"

"Nimeona, papa."

"Yangu pia utaweka shaba. Inje na ndani. Ndani pia, juu bantu baseme Tshimanga hapana muntu ya nusu-nusu."

Ndani! Hilo lilikuwa balaa.

Niwaeleze kidogo, nyinyi wa magari ya kompyuta. Kwenye injini zile za zamani, manifold ya kuingiza hewa na petroli ilikaa mgongo kwa mgongo na bomba la moshi. Kwa hiyo inapata moto mwingi. Juu yake iko carburetor, inadondosha petroli. Na barabara zetu, vumbi jekundu. Finishing yoyote lazima ishindane na hao watatu.

Shaba inapendeza, sikatai. Lakini ikipata moto inakuwa nyeusi, ikipata unyevu inatoa ukijani. Hiyo ni nje. Ndani ndiko kwenye hatari. Ndani ya manifold iliyotumika kuna masizi yaliyoingia mpaka kwenye chuma, huwezi kuyamaliza. Shaba haishiki juu ya masizi. Itabanduka vipande vipande, na injini itavuta vile vipande. Vikifika kwenye valve, kwaheri.

Sasa fikirieni. Gari la kukimbilia na watoto, halafu linazimika njiani kwa sababu ya urembo.

Kusema ndiyo ni kuwaweka hatarini. Kusema hapana ni kumpinga mkwe. Kwetu mkwe hapingwi! Mkwe akisema mvua inanyesha, unafungua mwavuli hata kama jua linakuunguza.

Nikamwambia, "Papa, nipe muda kidogo, nitayarishe vizuri." Akakubali kwa kidevu.

Kesho yake nikachukua manifold kuukuu ya lori kwenye rundo la vyuma vya garage. Nikaigawa sehemu tatu. Sehemu moja nikapaka rangi ya aluminium, ile ya fedha. Ya pili nikaichovya kwenye beseni la shaba, na shaba nikaiacha iingie kidogo ndani. Ya tatu nikaichovya zinki. Zinki kwetu haikuwa tatizo, mgodi wa Kipushi uko hapo karibu na inatoka huko.

Halafu nikaifunga kwenye lori la garage lililokuwa linaenda Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, kuchukua samaki. Barabara ya Kilwa, wakuu, mimi sina la kusema. Mwenye kuijua anaijua.

Lori lilirudi likinuka samaki mpaka kwenye taa. Nikafungua manifold haraka.

Rangi ya fedha ilikuwa imeungua, na petroli ilipopita imekuwa uji. Shaba ilikuwa nyeusi, na machozi ya kijani yanashuka pembeni. Nikaingiza kidole ndani, nikakwaruza kwa ukucha, ganda likatoka zima.

Zinki ilikuwa imefifia tu. Ukichukua kitambaa unapangusa, iko pale pale.

Nikaibeba hivyo hivyo mpaka kwa Papa Tshimanga. Nikaiweka mbele yake mezani, na lile ganda la shaba nikaliweka pembeni kwenye karatasi. Manifold ikaeleza kesi yake yenyewe, mimi nimekaa na adabu zangu.

Akaigeuza. Akanusa. Akakwaruza.

Mama Ngalula, mama yake Bernadette, akachungulia juu ya bega lake. "Papa Tshimanga, hii ya kijivu njo nguvu."

"Hii ya kijivu iko kama ndoo!" akafoka. "Mi nifunge ndoo ku moteur yangu? Félicien ataseka mupaka meno yamuanguke!"

"Yamuanguke, atanunua ingine."

Bernadette alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, anazuia kicheko. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Papa Tshimanga akairudisha mezani. Halafu akanielekeza kidole.

"Fanya ile ndoo yako. Lakini sikia muzuri, Donat. Siku ya Mungu, inje ya misa, kama bantu bananiseka, usirudie kwangu. Unasikia? Usirudie."

Bernadette akaacha kucheka.

Wiki ile nilifanya kazi kama mwendawazimu. Nilichemsha manifold yake kwenye magadi makali, nikasugua kwa mchanga mpaka chuma kikawa kijivu safi, nikaitia kwenye asidi kidogo. Matundu yote nikayaziba kwa vigingi vya mti ili ndani kisiingie kitu. Zinki nje, ndani chuma kitupu.

Kasha la air filter liko mbali na moto, kwa hiyo hilo nikalipaka rangi nyeusi na kuioka. Nilioka kwenye tanuri la mkate la mke wa patron wangu. Mkate wao ulinuka rangi mpaka Alhamisi na mama yule alinitukana Kigiriki. Sikuelewa neno, lakini nilielewa yote.

Jumapili ikafika. Misa sikuisikia. Padri angeweza kuwa anasoma bei za mihogo.

Tukatoka. Magari yakajipanga. Papa Félicien akafungua kapo yake, shaba inawaka. Alikuwa anaisugua kila Jumamosi kwa ndimu na majivu.

Papa Tshimanga akafungua ya kwake.

Félicien akainama, akatazama, akainuka.

"Yoo! Tshimanga! Mama Ngalula anateka na nini maji leo? Ndoo yake umefunga ku mutuka!"

Mamaaa! Uwanja mzima ulipasuka. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja wa kwaya alikaa chini kabisa. Hata padri, nilimwona, aligeuka ukutani mabega yakitikisika.

Mimi moyo ulikufa. Nikamtafuta Bernadette kwa macho, akawa ameinamisha uso. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, mguu mmoja, na mwingine. Nilikuwa karibu kulia, wakuu, nawaambia ukweli, mwanaume mzima.

Papa Tshimanga alikuwa amesimama pale na suti yake nyeupe. Mshipa wa shingo umetoka. Hakufunga kapo.

Akaingiza mkono kwenye injini. Mkono na shati na koti, vyote. Akashika ile manifold, iliyokuwa imepoa wakati wa misa, akaipapasa mbele na nyuma, akaiegemea kwa kiwiko kabisa. Halafu akautoa mkono na kuuinua juu, watu wote waone. Mkono wa shati bado mweupe. Koti jeupe.

"Félicien," akasema taratibu, "na weye gusa ya kwako."

Félicien alikuwa na shati jeupe pia, la misa, na shaba ya kwenye injini, hata ukiisugua, inaacha weusi na ukijani kwenye nguo.

Akatazama injini yake. Akamtazama mke wake. Mke wake, aliyekuwa anafua mashati hayo, akamwambia mbele ya watu wote: "Ujaribu! Ujaribu tu! Leo utafua weye mwenyewe!"

Kicheko kikahama upande, wakuu. Kiliporudi kilikuwa kikubwa mara mbili. Félicien mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi, alikuwa mtu mwema. Watu wakaja kugusa ile zinki mmoja mmoja, wanaangalia vidole vyao. Wenye shaba walifunga kapo zao mapema siku ile.

Lakini mimi neno la mkwe lilikuwa bado kichwani. Papa Tshimanga hakuwa mtu wa kusahau alichosema.

Akaniita garini. Nikakaa mbele, yeye kwenye usukani. Akawasha. Injini ikaitika mara moja, sauti nzuri, haina kikohozi.

"Baliniseka," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Nilisema nini?"

"Ulisema nisirudi kwako, papa."

Akasikiliza injini yake kidogo.

"Basi usirudie peke yako," akasema. "Kuya na bazee bako."

Wakuu, kwetu kijana akiambiwa aje na wazee wake, amepewa mke. Nililia pale pale, na yeye akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Haya, somo. Kijana uliyeuliza: usianze na kinachong'aa. Jiulize kwanza kile kifaa kitakutana na nini, moto kiasi gani, petroli, vumbi, maji. Manifold ya chuma, zinki nzuri au ceramic ya joto kali ya siku hizi. Kasha la filter, powder coating inatosha. Safisha mpaka uchoke, halafu safisha tena. Na ndani usipake kitu chochote, injini itakila.

Na ukiwa na mkwe mkali, mwambie ukweli, hata kwa kumletea chuma mezani. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Bernadette yuko hapa anasoma juu ya bega langu. Anasema baba yake alilia pia siku ile. Mimi sikuwahi kujua. Miaka yote hii, ndiyo ananiambia leo!

Karibuni mchangie. Nyinyi kwenye injini zenu mmepaka nini, na nani aliwacheka?