Muthoni Wangu Alinipa Chumba cha Hoteli, Sasa Paa Imetugombanisha

Admini, kwanza naomba ufiche jina langu na la boma yetu. Hamjambo nyote, kina baba, kina mama na vijana mnaosoma hapa? Sisi huku Kieni tunashukuru Mungu. Mzee wangu anawasalimu, mguu bado unamsumbua lakini anafika kwa zizi. Kijana wangu mkubwa anawasalimu, yuko Kerugoya kwa kazi ya mjengo. Kitinda mimba amefunga shule, anawasalimu. Nyanya yao bado anaota jua, anawasalimu pia. Msichana wangu sijui kama anawasalimu, kwa sababu hashiki simu yangu, na hiyo ndiyo imenileta hapa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, nikikosea mnisamehe.

Msichana wangu aliolewa boma nzuri hapa karibu na Chaka. Mama ya bwana yake tunaitana muthoni, vile wazazi wa pande mbili huitana kwetu. Alikuwa amejenga maduka kando ya barabara ya Nanyuki, lakini chumba cha mwisho kilimshinda kumaliza, kilikuwa kuta na mabati tu, chini ni mchanga. Siku walileta mahari aliniona nikipakulia wageni akasema mbele ya watu, "Muthoni, huu mkono unapotea bure! Chukua kile chumba ufungue hoteli." Watu wakapiga makofi. Msichana wangu alikuwa ameshika birika katikati yetu, akacheka mpaka machozi.

Hapo ndipo nilipopotea. Sikuuliza sakafu ni ya nani, mtaro wa maji machafu ni wa nani, na mvua ikiingia nani ataita fundi. Kwetu muthoni haulizwi mambo ya simiti. Ukimwuliza ni kama umemwita mchoyo. Ikabidi msichana wangu awe ndiye anabeba maneno. Siku moja akaniletea haya kutoka kwa muthoni: "Mami, mama amesema uendelee na ya ndani, mtakatana kwa kodi. Ya juu umwachie." Nikafurahi, nikajua gharama yangu itatolewa kwa kodi ya chumba. Nikauza ng'ombe yangu ya maziwa, nikaweka sakafu, sinki na mtaro. Muthoni akipita ananiambia, "Aii, umeng'arisha!" nami namwekea chai.

Halafu watu wa afya wakasema siwezi kupika bila bomba la kutoa moshi. Fundi akatoboa mabati. Mvua kubwa ilipokuja, maji yakapitia kando ya bomba yakaingia kwa jirani, Baba Amina, Mwislamu wa mjini Nyeri aliyekuwa akiuza nafaka. Mchele ukalowa, maharagwe yakaanza kumea kwa gunia. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, sina ubaya na wewe, lakini siwezi kuuza miche," akahama. Mimi nikaona aibu kumwendea muthoni na maneno ya paa, na hata msichana wangu nikaona aibu kumtuma. Nikaita fundi abadilishe mabati kimya kimya, nikidhani nimemsaidia.

Alikuja hoteli ikiwa imejaa.

"Nani amekutuma kwa paa yangu? Unataka Chaka yote iseme nimeshindwa na mabati?"

"Muthoni, ilikuwa inavuja."

"Ilivuja baada ya wewe kuitoboa! Nilikupa chumba, sikukupa paa. Umenifukuzia mpangaji, sasa unanivua nguo!"

Mteja mmoja akasema ati, "Mama, lete kwanza chapati ndio mpigane." Watu wakacheka. Mimi na yeye hatukucheka. Kesho yake nikakuta kufuli yake kwa mlango, sufuria zangu zote ndani. Sasa anasema hakunituma kuweka sakafu, ati nilijipeleka mwenyewe, na hakuna cha kukatana.

Mwanya wa bomba ni wangu, nakubali. Sikatai. Lakini sakafu alinituma.

Na kuna kitu kinaniuma kuliko hoteli. Mtoto wa pili wa msichana wangu ana jina langu, vile desturi yetu ilivyo. Nasikia siku hizi muthoni, nyanya yake wa huko, hamwiti hilo jina, anamwita tu "wewe mtoto." Na mtoto anageuka, anamwendea. Nilipoambiwa hivyo nililia mpaka mzee akazima redio.

Wiki ijayo chifu ametuita sote. Ameuliza nani alisikia yale maneno ya kukatana kwa kodi. Aliyesikia ni mmoja tu, ni yeye aliyetumwa. Niliposema nitamtaja, msichana wangu alinipigia akinong'ona, nadhani alikuwa nyuma ya jikoni yao. "Mami, usinitaje kwa chifu. Nikisema ukweli, nitalala wapi? Na nikidanganya, wewe nitakuita nani tena?" Akakata simu. Tangu siku hiyo hashiki.

Nikinyamaza, jasho langu lote limebaki chini ya kufuli ya mtu. Nikimtaja, nimemtoa kwa nyumba yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Msiseme mtanijibu mkipata nafasi, chifu hangoji. Mwenye amewahi kusimama hapa kati ya haki yake na mtoto wake, aniandikie leo.