Kikombe cha Maziwa Ndani ya Gato

Bado naikumbuka, mjukuu wangu, asubuhi niliyomdanganya mama mkwe wangu huku nimempigia goti na sahani nimeishika kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu zake zote. Uliniomba nikuandikie ninavyopika ile keki nyepesi ya matunda, ambayo sisi twaiita gato, ile mnayokula na kahawa mkija kunisalimu. Nitakuandikia. Ila siwezi kukupa gato nikakuficha aibu iliyoizaa, maana hapo nitakuwa nimekudanganya na wewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimeolewa miezi mitatu tu. Kwetu ni bondeni, kwenye njia inayoteremka kuelekea Walikale, na sisi ni watu wa jembe, watu wa ndizi na maharage. Babu yako akanipandisha kwao, milimani juu ya Bihambwe, kwa watu wa ng'ombe. Baridi ya huko ilinitoa machozi wiki nzima, wakadhani namlilia mama yangu. Kidogo nilimlilia pia.

Wote tulikuwa Wakristo, tulisali misa moja, lakini jiko lao lilikuwa na sheria zake. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba maziwa hayaonjeshwi moto. Mama mkwe alinieleza siku ya pili tu baada ya kufika, kwa upole, mkono wake uko begani mwangu.

“Mutoto wangu, hapa kwetu hatupikake maziwa. Ukiyatia kwa moto, ile ng'ombe iliyoyatoa itakauka. Unasikia?”

“Ndiyo, Mama.”

Hata kahawa, ambayo baba yangu alitutumia kutoka kwenye miti yake michache, mama mkwe aliinywa nyeusi na asali. Maziwa aliyanywa kivyake, ya baridi, kutoka kwenye chombo chake cha mti. Mimi niliitikia kwa kichwa, moyoni nikacheka. Nilikuwa nimesoma miaka miwili shule ya upishi ya masista. Nilijua kushona, kupiga pasi na kuoka, na kule tulichemsha maziwa kila siku na ng'ombe wa masista wakazidi kunenepa. Nilijiona nimeelimika kuliko nyumba nzima. Nilikuwa nimeota pembe, mwanangu, nakwambia wazi.

Basi Jumapili moja dada zake mama mkwe walikuwa wanakuja baada ya misa kumtazama bibi arusi. Nikasema moyoni, leo watanijua. Alfajiri nilichukua unga wa ngano, mayai, sukari, na donge la siagi (siagi haikukatazwa) ambalo lingetosha gato tatu. Kisha nikachota kikombe kimoja cha maziwa ya Gaju, ng'ombe aliyependwa kuliko wote pale nyumbani, nikakimimina ndani bila mtu kuniona. Nikaweka sufuria juu ya makaa, na juu ya kifuniko nikapanga makaa mengine, kama nilivyofundishwa.

Gato ikatoka ya dhahabu. Nikapiga goti, nikampa mama mkwe kipande cha kwanza mbele ya dada zake.

“Iko nini ndani?” aliniuliza.

“Iko unga, mayai, sukari na siagi, Mama.”

“Siagi! Siye tulikuwa tunajipakala kwa ngozi, beye ba bondeni banaikula,” akawaambia dada zake, nao wakacheka. Kisha akanirudia. “Na unga uliuvuruga na nini?”

“Na mayi tu, Mama,” nikamwambia, yaani maji matupu.

Akala. Akaomba kipande cha pili. Dada mmoja alijipigapiga kifua na kuomba maji, maana siagi ilikuwa imemkaa, lakini wote walinisifu, na mimi nikalala siku hiyo nimeshiba sifa.

Haikupita wiki, maziwa ya Gaju yakaanza kupungua. Asubuhi nusu chombo, kesho yake robo. Mama mkwe alimkagua kiwele, akamkagua kwato, hakuona kitu. Ndipo akatuuliza, mmoja mmoja, nani amepika maziwa.

Mimi nilisema si mimi. Na kwa kuwa si mimi, macho yote yakamwendea Mama Yozefu, mke wa shemeji yangu mkubwa. Mtoto wake Yozefu alikuwa ameachishwa kunyonya karibuni, na kila asubuhi alimpikia uji. Mtu akasema ameona weupe pembeni mwa chungu chake. Ulikuwa unga wa mtama tu, lakini nani angesikiliza? Mama mkwe hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mpaka ukweli ujulikane, maziwa hayatakwenda tena kwenye jiko la Mama Yozefu.

“Mama, naapa mbele ya Mungu, sikupika!” alilia yule mwanamke.

Alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nashinda naye jikoni. Hakunishtaki. Ndiye aliyenipa blanketi lake wiki ile ya kwanza nilipotetemeka kwa baridi. Nami nikainama, nikaendelea kuchambua maharage.

Nilinyamaza siku mbili, mwanangu. Siku ya tatu Yozefu akaja kwangu akiyumbayumba na kikombe chake kitupu, akakiinua hadi usoni pangu, akasema “maziwa”, neno mojawapo kati ya manne aliyoyajua. Nikaona haya. Nikaenda kumtafuta mama mkwe.

Nilimkuta anafukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa majani, jinsi walivyovisafisha. Nikapiga goti.

“Mama, ni miye. Ile gato ya siku ya Mungu, niliitia kikombe cha maziwa ya Gaju.”

Alikiweka chini chombo alichoshika. Nilingoja anitajie ng'ombe wake, anilaani, anirudishe kwetu bondeni.

“Nilikula vipande biwili,” alisema polepole. “Biwili. Na nilisikia utamu. Sasa ule utamu niupeleke wapi?”

Nililia tu, na yeye akaniacha nilie. Kisha akasema, “Ng'ombe iko na mambo yake, inaweza pona, inaweza kufa. Kama weye hauamini mambo yetu, ungeniambia: Mama, siamini. Tungebishana, tungecheka, tungekula ingine kitu. Lakini uliniona sina akili. Ukaniingizia kwa kinywa kitu nilichokataa tangu nizaliwe, na ulikuwa unanichekea.”

“Unisamehe, Mama.”

“Nitakusamehe. Lakini anzia kwa Mama Yozefu. Yeye njo uliumiza.”

Nilikwenda. Mama Yozefu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafoka. “Siku mbili! Uliniangalia siku mbili nalia!” Akanigeuzia mgongo, akakoroga kwa muda mrefu chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa. Halafu akamwinua Yozefu kutoka chini, akamweka mapajani mwangu. “Mushike, niende kuteka mayi,” akasema, akatoka. Nilimpenda mwanamke yule tangu saa ile mpaka tulipomzika.

Gaju alirudisha maziwa yake mvua zilipoanza. Mama mkwe alisema ng'ombe amesamehe, babu yako akasema ni majani mapya. Mimi niliwaacha wote wawili na maneno yao.

Baadaye kidogo mama mkwe aliniita, akatazama pembeni kama mtu anayeona soni. “Ile gato yako,” akasema, “haiwezi kupikwa pasipo maziwa?”

Hapo ndipo ilipozaliwa gato unayoitaka. Mama yangu alikuwa amenitumia kikapu cha ndizi, nazo zilikuwa zimeivia njiani mpaka maganda yakawa meusi. Nikaziponda badala ya maziwa. Ya kwanza ikanata kama ugali. Ya pili ikaungua juu kwa sababu niliyapenda mno makaa. Na siagi mama mkwe alinipunguzia mwenyewe, akigusa kifua chake. “Ile ingine ilinikaa hapa.”

Basi sikiliza. Chukua ndizi nne zilizoiva hasa, uziponde hadi zilegee. Kamulia maji ya maracuja, yale matunda ya pasheni, matano au sita, na mbegu chache ukipenda. Siagi kijiko kimoja tu, sukari nusu kikombe, maana ndizi zina utamu wao. Vunja mayai matatu. Viini uvichanganye na ndizi, na ute mweupe uupige peke yake kwa uma, upige mpaka usimame na mkono wako ukuchukie. Tia vikombe viwili vya unga wenye kijiko kidogo cha unga wa kuumua, na ute uutie mwisho, taratibu, bila kuukandamiza. Wepesi wote umo hapo. Makaa machache chini, mengi kidogo juu, na usifunuefunue.

Sasa nikwambie kilichoniuma kuliko machozi yote ya siku ile. Tangu hapo, kila nilichompa mama mkwe, aliniuliza kwanza. Maharage: “Iko nini ndani?” Sombe, yale majani ya muhogo: “Iko nini ndani?” Hata kiazi nilichokitoa majivuni mbele ya macho yake, alikigeuzageuza mkononi, akauliza, “Iko nini ndani?”

“Iko kiazi, Mama.”

Mama Yozefu alikuwa akikimbilia nje kucheka. Mimi nilijibu kila mara, neno kwa neno, bila kukasirika, maana nilikuwa nimejitakia mwenyewe. Hakuwa akiniadhibu. Hakuweza tena kula bila kuuliza, basi. Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima na zaidi.

Kisha nikajifungua baba yako. Siku ya kwanza niliyopata nguvu ya kusimama jikoni nilioka gato ya ndizi. Mama mkwe akaingia kutoka kwa ng'ombe, amelowa mvua, akainama kumtazama mtoto. Akanyoosha mkono kwenye sahani bila hata kuitazama, akachukua kipande, akala. Mimi nimesimama nangoja, jibu liko tayari mdomoni. Akamaliza, akafuta vidole kwenye kitenge chake.

“Mutoto alilala muzuri?” aliniuliza.

Nilimjibu ndiyo, kisha nikasema nakwenda kuleta kuni. Nililia huko kwenye kuni mpaka babu yako akaja kuuliza nani amekufa.

Mwanangu, utapikia watu wengi. Wengine watakataa vitu ambavyo wewe utaona havina maana: kwa ajili ya desturi, kwa ajili ya dini, kwa ajili ya ugonjwa walioambiwa na daktari. Bishana nao ukitaka, wewe una kinywa na wao wana masikio. Lakini usiwatilie kwa siri, hata kijiko kimoja, hata kama hawatajua kamwe, hata kama watakusifu. Na ukikosea, kaseme siku ileile, kabla mwingine hajalipia kosa lako. Mimi nilimwacha mwingine alipie siku mbili tu, na ilinichukua zaidi ya mwaka kurudi mahali nilipokuwa.

Mungu akubariki wewe na jiko lako. Akupe moto usiozimika na watoto wenye njaa njema. Na wale unaowapenda, awajalie kula chakula cha mkono wako bila kukuuliza kilichomo.