Nilimwonea wivu mwanamke wa Lalago kwa jinsi alivyoongea na mume wangu

Wakuu, habari za humu. Leo naanika aibu yangu mwenyewe, chumvi sijaongeza. Wenye matusi subirini nimalize.

Mimi ni Mnyantuzu wa Nkololo, Bariadi. Mume wangu, baba Kulwa, kwao Lalago kule Maswa. Wote Wasukuma, ila Kisukuma chetu si kile kile. Tunaelewana vizuri, lakini wao wanavuta maneno pale sisi tunapokata, na vitu vingine vya jikoni wana majina yao.

Aliponioa akaja kuishi upande wetu. Mimi na dada zangu tulikuwa tunamrudisha arudie neno moja mara tatu, tunacheka mpaka machozi. Na yeye anacheka.

Mwaka haujaisha, anaongea kama amezaliwa Nkololo. Nikawa najisifu kwa mashoga zangu kwamba mume nimemfundisha mwenyewe!

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu biashara. Tukahamia Bariadi mjini, baba Kulwa akafungua meza ya mitumba sokoni. Kwenye meza ya jirani alikuwa Kabula, mjane wa Lalago, anauza vitenge.

Siku hiyo nampelekea chakula cha mchana. Kabla sijafika nikasikia kicheko cha mume wangu. Jamani, miaka sita ya ndoa kicheko kile sijawahi kukisikia.

Nikajibanza nyuma ya makoti. Anaongea cha kwao, haraka haraka, mikono inaruka, anamtania Kabula na Kabula anamrudishia. Nilimwona mwanaume mwingine kabisa, tena mzuri kuliko wangu.

Wivu ulinipanda. Nikatokeza.

"Baba Kulwa, huyu ni nani yako?"

"Wifi, mwadila," Kabula akanisalimia. Nikampa mgongo.

Mume wangu hakukasirika hata. Akapokea chakula, akanijibu kwa Kinyantuzu safi kabisa:

"Mama Kulwa, huyu hanicheki."

Basi. Nilikosa pa kuweka uso.

(Na kabla hamjauliza: hapakuwa na mapenzi pale. Nilichunguza sana, mnatujua wanawake.)

Jioni nikamwambia, "Leo ongea cha kwenu, nakusikiliza." Akatabasamu, akafungua mdomo, kikatoka Kinyantuzu. Akajaribu tena, wapi. Nilienda jikoni nikalia.

Lakini wivu haukuisha. Nikawa naomba Mungu Kabula aondoke, serious kabisa, mpaka kanisani. Baadaye akahamia Lamadi kufuata wateja wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki.

Siku ya kwanza bila yeye, baba Kulwa alirudi nyumbani mapema. Nikamuuliza soko lilikuwaje. "Kimya," akasema, kwa lugha yangu.

Nilichojifunza: ukimcheka mtu namna anavyoongea, ataiacha, ila ataiacha kwako tu. Kwingine ataipeleka.

Mlioolewa na kuoa upande mwingine, nyumbani mnaongea cha nani? Na mwenzako alikubali, au alichoka kuchekwa? Nasoma majibu yote, hata ya kunisema.